qBittorrent kwa sisi wa bando na ruta za laini: torenti ikiganda, kosa ni la nani?

Niseme mapema, qBittorrent ndo programu ninayoitumia kushusha torenti (mafaili ambayo watumiaji wanagawana vipande kwa vipande wao kwa wao) kwenye Windows na kwenye Linux, na kwa sasa sioni ya kuishinda. Ila wengi ninaowajua walioifuta wameifuta kwa sababu moja, wameweka mzigo wao, wakaona neno "Stalled" limekaa pale tangu asubuhi mpaka jioni, wakasema hii takataka haishushi kitu, wakarudi walikotoka. Hapo ndo naona programu inaonewa, manake ikiganda inakuambia kabisa imeganda kwa nini, sema inakuambia kifundi na inaficha majibu kwenye vikona ambavyo mtu wa kawaida hafungui.

Kwa asiyeijua, ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, na haina tangazo hata moja. Aliianzisha Christophe Dumez mwaka 2006 na injini ya ndani inayofanya kazi yote ngumu ni libtorrent ya Arvid Norberg. Wa enzi zetu tulilelewa na uTorrent, ile aliyoitoa Ludvig Strigeus 2005 ikiwa kifaili kidogo kinachoruka hata kwenye mashine ya kizee, sasa hivi ukiifungua unapambana kwanza na matangazo ndo uone torenti zako, na 2015 watu walipiga kelele baada ya kukuta imewaingizia Epic Scale, programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta zao. Kampuni ikasema ilikuwa ofa ya hiari wakati wa kuinstoo. Sawa, ila mimi nilishahama.

Turudi kwenye "Stalled". Maana yake sio kwamba kuna eror. Maana yake torenti iko hewani, imeruhusiwa kufanya kazi, ila kwa sasa hakuna hata kipande kinachoingia, basi. Sababu iko sehemu nyingine na pa kwanza kuangalia ni safu ya masida, yaani wale wenye faili zima tayari wanaogawa. Utaona namba mbili, mfano 0 (0) au 0 (57). Ya nje ni masida uliounganishwa nao wewe sasa hivi, ya ndani ya mabano ni wale ambao traka, yaani seva inayowakutanisha watu wa torenti moja, inasema wapo. Sasa hizo mbili ni kesi tofauti kabisa na watu wanazitibu kwa dawa moja! Ukiona 0 (0) hakuna mtu mwenye mzigo, hata ukinunua ruta ya milioni haitakusaidia, tafuta torenti nyingine ya faili hilohilo. Ukiona 0 (57) watu wapo, wewe ndo hufiki kwao, hapo sasa tuangalie mtandao wako.

Kuna safu nyingine inaitwa "Availability", kama haionekani bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu uiwashe. Hii naipenda sana. Inakuonyesha kwa wote uliounganishwa nao, ukijumlisha vipande vyao vyote, nakala nzima ngapi zinapatikana. Ikiwa 3.4 kula raha. Ikiwa 0.97 ujue kuna asilimia tatu za faili ambazo hakuna yeyote kati yao anazo, na ndo ile hali ya torenti kufika 97 ikakaa hapo wiki nzima huku watu wakihangaika kuzima na kuwasha kompyuta. Wote mmekwama palepale mnaangaliana, mnasubiri sida mmoja awashe mashine yake huko aliko.

Kabla hujagusa setingi yoyote fanya jaribio hili: nenda tovuti ya Ubuntu, ule mfumo wa Linux wa bure, chukua torenti yao ya toleo la LTS (lile linalotunzwa miaka mingi), iweke. Ile ina masida muda wote dunia nzima, na ni halali, hakuna wa kukuuliza. Ikiruka kwa spidi yako ya kawaida basi mtandao wako na programu viko salama, ugonjwa uko kwenye ile torenti yako. Ikikokota na yenyewe, ndo tuanze kuchokonoa. Dakika chache tu, na ingeokoa watu kibao wanaobadilisha setingi thelathini kwa mpigo halafu hawajui ipi imeharibu nini.

(Angalizo la hapohapo, ISO ya Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, ukiielekeza kwenye fleshi iliyofomatiwa FAT32 itagoma, kwa sababu FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Torenti itaandika "Errored" na wewe utalaumu intaneti. Fomati exFAT uendelee na maisha.)

Haya, mtandao. Chini kabisa ya dirisha kuna kialama cha muunganisho. Kikiwa kijani watu wa nje wanaweza kukufikia. Kikiwa na moto wa rangi ya njano au chungwa, hakuna anayeingia kutoka nje. Kikiwa chekundu programu imeshindwa hata kuishika poti, yaani ule mlango wenye namba ambao wengine wanaingilia kukufikia. Sasa kwa Tanzania, na nadhani Kenya na Uganda hali ni ileile, mtu anayetumia ruta ya laini au hotspoti ya simu ataona moto tu, karibu siku zote, na atazunguka kwenye mafundisho ya mtandaoni yanayomwambia fungua poti kwenye ruta, atafungua, moto uko palepale. Sababu inaitwa CGNAT. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, hazitoshi, kwa hiyo kampuni inaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja ya nje. Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja na mlinzi asiyejua majina ya wapangaji, wewe kutoka unatoka vizuri tu, lakini mgeni akija akikuulizia anarudishwa. Kufungua poti kwenye ruta yako ni kufungua mlango wa chumba chako, geti bado limefungwa.

Kujua kama uko nyuma ya CGNAT ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama anwani ya WAN (ile ruta iliyopewa na kampuni), halafu Gugo uandike what is my ip ulinganishe. Zikitofautiana, uko humo. Na ile ya WAN ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127 usihangaike hata kulinganisha, hilo ni fungu lililotengwa rasmi kwa kazi hiyo tangu 2012. Ikianza na 10 pia ujue yaleyale.

Hapa kuna kitu watu hawaambiwi: CGNAT haikuzuii kushusha torenti. Wewe bado unaweza kuwapigia walio wazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi huwezi kuunganika na mwenzako ambaye naye yuko nyuma ya geti, kwa hiyo kwenye torenti kubwa zenye mamia ya watu hutahisi tofauti sana, ila kwenye ile adimu yenye masida wawili, na wote wawili wako kwenye laini kama wewe, utaona 0 (2) mpaka uchoke. Ndo maana jamaa wa fiba mwenye IP yake anakwambia "mbona kwangu inashuka" na hamuelewani.

Kuthibitisha, bonyeza torenti, nenda kichupo cha wenzako ("Peers") chini pale, uangalie safu ya vialama ("Flags"). Ni herufi herufi tu zimepangwa, D, d, U, P, I, watu wanaziruka. Ukitafuta I yoyote na huioni kwa masaa, hakuna aliyekuja kwako, wote umewatafuta mwenyewe. Na D kubwa maana yake unapokea kutoka kwa huyo mtu, d ndogo maana yake unataka lakini amekubania. Orodha ikijaa d ndogo hauko kwenye shida ya poti tena, uko kwenye foleni. Hapo ndo utamu wa hii programu, hiyo habari yote iko kwenye skrini moja.

Dawa za CGNAT sasa, nisiwape matumaini ya uongo. Unaweza kuomba IP ya umma kwa kampuni yako, wengine wanatoa kwa malipo ya mwezi, wengine huduma kwa wateja hawajui hata unaongelea nini. Mimi kampuni yangu, jina naliacha, nilizungushwa mpaka nikaambiwa nizime ruta nihesabu mpaka thelathini niwashe, asante. Kama mtandao wako unatoa IPv6, ule mfumo mpya wa anwani, iwashe kwenye ruta, hiyo inaruka geti lote la IPv4, ingawa faiawoli ya ruta bado inaweza kuzuia, na upande wa pili lazima naye awe nayo. Wengine wanakimbilia VPN. Hapo mambo mawili, kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo fahamu unaingia wapi. Pili VPN nyingi nazo hazikupi poti ya kuingilia, hata Mullvad waliokuwa wanasifiwa kwa hilo waliondoa 2023, kwa hiyo unaweza kulipia VPN ukabaki na moto uleule wa njano huku spidi imepungua.

Na ukishawahi kutumia VPN angalia kwenye setingi za kina ("Advanced"), sehemu ya kuchagua kiolesura cha mtandao. Ukiwa umeifunga qBittorrent kwenye VPN halafu VPN imezimwa, hakuna kitakachotoka wala kuingia, torenti zote zinaganda kwa pamoja, brauza inapeta kama kawaida. Ndo ilivyoundwa, inakulinda, ila mtu akisahau anaweza kufomati kompyuta.

Spidi ya kupandisha nayo imeleta imani nyingi potofu. Kuna wanaoweka kikomo cha aplodi 1 KiB/s (kilobaiti moja hivi kwa sekunde) wakidhani wanaokoa bando na kuongeza spidi ya kushusha. BitTorrent haikuundwa hivyo, Bram Cohen alipoitoa 2001 alijenga humo nipe nikupe: wenzako ambao bado wanashusha wanawapa zaidi wanaowapa, na kila sekunde chache wanapanga upya nani apewe. Ukibana kabisa utabaki unategemea masida na hisani ya bahati nasibu. Ila ukiacha bila kikomo kwenye laini ambayo aplodi yake ni ndogo nako unajikaba, maana kila unachoshusha kinahitaji ujumbe mdogo wa kurudi kusema nimepokea, na bomba la kurudi likijaa hata kushusha kunalegea, YouTube ya mwenzako sebuleni inaganda, nyumba nzima inakuangalia wewe. Pima spidi, weka kikomo cha aplodi kwenye asilimia 80 hivi ya ulichopata, uone tofauti.

Halafu vizio vya kupimia. Hesabu ya Mbps na MB watu inawatoa jasho bure. Mbps ni megabiti, na biti nane ndo baiti moja, kwa hiyo bando la Mbps 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, likiwa limenyooka. qBittorrent inaonyesha megabaiti. Kwa hiyo ukiona 1.1 hapo usinitafute, hiyo ndo spidi yako, imefika mwisho.

Sasa lawama zangu kwa programu yenyewe, manake sio malaika.

Ya kwanza, kile kitufe cha spidi mbadala kule chini karibu na kasi. Ukikigusa kwa bahati mbaya, na ni rahisi sana kwenye tachipadi, programu inahamia kwenye vikomo mbadala ambavyo kwa kuanzia vimewekwa 10 KiB/s. Kumi! Hakuna ujumbe wa maana unaojitokeza, alama tu inabadilika. Nusu ya kompyuta ninazoletewa na majirani zangu kwamba torenti imekufa, ni hicho. Kabla ya yote angalia hapo, na ingia kwenye setingi ubadilishe hiyo kumi iwe kitu cha kibinadamu. Kikitumika vizuri lakini ni kizuri, unakipangia ratiba kwamba mchana spidi ibanwe na usiku bando la usiku likianza iachiwe.

Ya pili ni foleni. Ikiwa imewashwa, kwa kuanzia inaruhusu torenti tatu tu kushuka kwa pamoja na tano hai kwa jumla. Tatu za kwanza zikiwa maiti, zinakalia nafasi na nzima zilizo nyuma zinasubiri zimeandikwa "Queued". Kuna kisanduku kwenye setingi za foleni kinachosema zisihesabiwe zile zinazosuasua, kiwashe, kingekuwa kimewashwa toka kiwandani kwa maoni yangu.

Ya tatu, na hii ni nzito, Oktoba 2024 walitoa toleo 5.0.1 likarekebisha tundu la usalama lililokuwepo tangu 2010: programu ilikuwa haikagui vizuri vyeti vya usalama inaposhusha vitu kwa HTTPS. Miaka kumi na nne. Nimewasamehe kwa sababu msimbo uko wazi, kosa lilianikwa hadharani, ila kama una toleo la zamani uliloletewa na fundi kwenye fleshi, toa, chukua jipya qbittorrent.org. Kwenye ukurasa wao utakuta na toleo la pembeni lenye lt20 (yaani libtorrent 2.0) kwenye jina, mashine yenye RAM ndogo liache, chukua la kawaida, hilo la pembeni kwenye Windows linaonekana linameza RAM yote na linatisha watu.

Linki za magneti nazo zina kilio chao. Unabandika, inaandika inatafuta metadata, inakaa hapo. Magneti haina faili ndani, ina namba ya utambulisho na pengine traka tu, kwa hiyo lazima ipate kwanza mtu wa kuipa orodha ya faili. Inamtafuta zaidi kupitia DHT, mtandao wa watumiaji wenyewe wa kutafutana bila traka, na chini ya dirisha imeandikwa DHT ina nodi ngapi. Kwa kawaida zinafika mamia. Ikiwa 0 na imekaa 0, huenda mtandao ulio nao umefunga UDP (njia ya kutuma data ambayo DHT inaitumia), waifai za vyuo, maofisi na hoteli ndo zao hizo. Tumia faili la .torrent badala ya magneti kama lipo, traka ya HTTP inaweza kupita, au rudi tu kwenye hotspoti yako. Na ukikuta umeambiwa bandika orodha ya traka mia mbili, tulia. Traka ya ziada inasaidia pale tu ambapo kuna watu wako kwenye traka hiyo, sio kwamba inazaa masida.

Sifa moja ambayo nadra isemwe: inakubali vyanzo vya HTTP ndani ya torenti. Vitu vya archive.org unaweza kukuta sida 0 kabisa na bado vinashuka, kwa sababu torenti zao zinabeba anwani ya seva zao na programu inachota huko moja kwa moja. Nimeshusha vitabu vya zamani hivyo. Kiwix nao wana torenti za Wikipedia ya kusoma bila mtandao, Kiingereza yenye picha ni kama GB 100, na hapo ndo utaheshimu torenti, umeme ukikatika katikati unarudi inaendelea ilipoishia, na kipande kilichoharibika inakitambua inakitupa na kukishusha upya chenyewe, sio brauza inayokuanzisha moja baada ya kufika GB 80. Umeme ukikatika vibaya, bonyeza kulia uiamuru ikague upya, iache isome diski mpaka mwisho.

Wa bando la kupima, kitu kimoja msikisahau: mzigo ukikamilika programu inaendelea kugawa, na kugawa kunakula GB zako kama kushusha. Weka kikomo cha uwiano (ulichogawa ukilinganisha na ulichoshusha) kwenye setingi, mimi kwenye laini nimeweka 0.5 ikifika isimame, kwenye fiba ya ofisi (bosi anajua) naiacha igawe usiku kucha, manake kuna mtu Mbeya au Kigali anasubiri kipande hichohicho.

Kwa simu usitafute qBittorrent, haipo ya Android, ukiiona dukani yenye jina hilo pita mbali. Huko mimi natumia LibreTorrent, nayo msimbo wazi bila matangazo, ila zima kwanza ile hali ya simu kubana betri kwa programu hiyo, la sivyo skrini ikizima tu, torenti nayo inalala.